"Mateka" na "Mara Moja": Istilahi za Barua za Wakati wa Vita

Mfasiri akabidhiwapo Mikataba ya Geneva ya 1949, neno limjialo kwanza ni "mateka". Ni neno zuri, limetokana na "kuteka", na tangu zamani hutumika kwa watu na mali zilizochukuliwa vitani. Lakini redio na magazeti hulitumia pia kwa raia aliyeshikwa ili mtu mwingine alazimike kutimiza sharti fulani. Kifungu cha 34 cha Mkataba wa Nne kinakataza kabisa kumshika mtu namna hiyo, hali Mkataba wa Tatu unakubali kwamba askari wa adui hushikwa, kisha unaeleza haki zake, za barua zikiwamo. Tukiwaita wote wawili "mateka", tutamfanya msomaji aamini kwamba sheria inapanga posta ya jambo iliyolipiga marufuku. Askari huyo na aitwe "mfungwa wa vita". Ni kweli kwamba "mfungwa" linanukia hukumu na gereza; hata hivyo, "wa vita" yatosha kumtenga na mwizi.

Kigumu zaidi ni raia anayewekwa kambini kwa sababu za usalama. "Mahabusu" halifai, kwani mahabusu hungojea kesi. Napendekeza "mwekwa kizuizini". Ni refu, lakini "kizuizini" limekwisha kuzoeleka maofisini. Kadi ya kuwaarifu jamaa zake, ambayo haki yake haipaswi kupita juma moja tangu afike kambini, huipata kwa Kifungu cha 106 cha Mkataba wa Nne; mfungwa wa vita huipata kwa Kifungu cha 70 cha Mkataba wa Tatu. Karani akikosea jina hufungua mkataba usiohusika.

Kifungu cha 76 cha Mkataba wa Tatu kina mambo matatu: kusoma barua na kuondoa yasiyoruhusiwa, kufungua vifurushi, na kusimamisha mawasiliano kwa muda mfupi. "Kudhibiti" hubeba yote matatu, na kwa hiyo halifafanui hata moja. Barua zichujwe, vifurushi vikaguliwe, mawasiliano yasimamishwe.

Hapo hapo pana mtego wa lugha yetu wenyewe. Uchujaji uwe wa haraka iwezekanavyo, na kila dola, ya mpelekaji na ya mpokeaji, ichuje mara moja tu. Mfasiri aandikaye "barua zichujwe mara moja" ametaja haraka au hesabu? Atakayeshikilia haraka ataichuja barua ile ile mara tatu, na bado atadai ametii. Yafaa kuandika "upesi iwezekanavyo", kisha "mara moja tu, bila kurudia".

Kifungu cha 71 nacho husema kwamba idadi ikibidi kupunguzwa, mfungwa aruhusiwe kupeleka si chini ya barua mbili na kadi nne kwa mwezi. Kuandika "barua mbili na kadi nne tu" ni kugeuza sakafu kuwa dari, na mkuu wa kambi atakayeisoma tafsiri hiyo hatakuwa na sababu ya kuipokea barua ya tatu.