Ufundi wa Mguu kwenye Tope la Machi

Kukimbia barabarani anaweza yeyote mwenye pumzi. Lami haina siri. Hatua ya kwanza haina tofauti na ya elfu moja, na akili inaweza kwenda zake huku miguu ikiendelea na kazi. Kijia cha porini hakitoi ruhusa hiyo. Kila hatua huamuliwa upya, ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na anayeamua vizuri kwa saa mbili mfululizo namwita fundi bila kusita.

Shule bora ya ufundi huo, kwa ninavyojua mimi, iko Derbyshire, Uingereza, kwenye bonde la juu la mto Derwent. Kuna mabwawa matatu yaliyofuatana: Howden juu, Derwent katikati, Ladybower chini. Mawili ya juu yalikamilika mwaka 1912 na 1916. Kuta zake ni za mawe yaliyochongwa, na waliozijenga waliishi na familia zao Birchinlee, mji wa nyumba za mabati uliokuwa na shule na hospitali yake, ukabomolewa kazi ilipokwisha. Ladybower lilikuja baadaye, likameza vijiji vya Derwent na Ashopton, na Mfalme George VI akalifungua rasmi mwaka 1945. Ukianzia Fairholmes, chini ya ukuta wa Derwent, ukapanda kwa upande wa magharibi wa mabwawa mawili ya juu na kurudi kwa upande wa mashariki, umekimbia kama kilomita 16.

Upande wa magharibi ni barabara ya lami hadi King's Tree, sina mengi ya kuusemea. Unapasha misuli moto, unasikiliza maji. Mwanzoni mwa majira ya kuchipua mabwawa huwa yamejaa, na maji yanapofurika ukuta wa Derwent hushuka mbele ya mawe yote kwa upana mmoja mweupe, yakinguruma kiasi cha kukulazimisha upaze sauti ukizungumza na mwenzako.

Kazi yenyewe inaanza kaskazini, mahali paitwapo Slippery Stones. Hapo kuna daraja dogo la mawe lililojengwa karne ya 17 kwa ajili ya farasi wa mizigo. Lilikuwa kijijini Derwent. Kabla kijiji hakijazama waashi walilifungua jiwe kwa jiwe, wakayatia mawe namba, na mwaka 1959 likasimamishwa upya hapo lilipo leo. Ukilivuka umefika mashariki, kwenye njia yenye mawe, inayokatwa na kila kijito kinacholisha bwawa. Ziwa limelala sawasawa, lakini ukingo wake unapanda na kushuka. Na kutoka njia hiyo vinachepuka vijia vyembamba vinavyokwea nyika hadi Lost Lad na Back Tor, mita 538 juu ya usawa wa bahari. Mwenye nia ya kujifunza aiache njia pana, afuate kimojawapo.

Mwezi wa Machi ardhi ya huko haijaamua kama ni ya baridi au ya joto. Usiku maji yaliyomo udongoni huganda yakawa sindano nyembamba za barafu, zikasimama wima na kuinua tabaka la juu. Asubuhi unaona udongo mkavu, mweusi, umetulia. Ukiukanyaga, sindano zinavunjika na kiatu kinashuka kwa urefu wa kidole. Jua likipanda kidogo, mahali palepale panakuwa uji. Palipo na kivuli barafu inabaki hadi adhuhuri. Kwa hiyo kijia ulichokipanda saa mbili asubuhi si kile utakachokishuka saa nne, na hilo ndilo linalonifanya niupende mwezi huu kuliko Juni, ardhi inapokuwa ngumu na kumsamehe kila mtu.

Tope nalo lina aina zake. Lile jeusi la mboji ni zito, linavuta kiatu, na usipofunga kamba mara mbili linabaki nacho. Lile la mfinyanzi kwenye miteremko ya chini halivuti, linatelezesha. Jiwe la eneo lile lina chembechembe za mchanga na hushika soli hata likiwa limelowa, ila lililoota ukungu wa kijani chini ya miti halifai kuaminiwa. Mzizi uliolowa usiukanyage kamwe, uruke. Vichaka vifupi vigumu vilivyofunika nyika vinabeba uzito wa mtu. Majani laini ya kijani kinachong'aa hayabebi, chini yake ni maji. Viatu vyenye njumu husaidia. Lakini nimeona watu wenye viatu vya bei kubwa wakianguka mara kwa mara, na mzee wa viatu vilivyochakaa akiwapita mteremkoni bila papara.

Tofauti iko machoni. Mvuvi wa pweza anayetembea juu ya mwamba maji yakiwa yametoka hatazami anapokanyaga. Ameshapaona, na mguu unatua penyewe wakati jicho liko mbele. Mkimbiaji wa kijiani hufanya vivyo hivyo kwa kasi zaidi: jicho linatangulia hatua tatu au nne, na mguu unafuata kumbukumbu. Hatua ziwe fupi na za haraka, mguu utue chini ya nyonga, ili ukiteleza hatua inayofuata iwe tayari kukupokea. Kwenye mteremko egemea mbele kidogo, legeza magoti, fungua mikono. Woga humrudisha mtu nyuma akakanyaga kwa kisigino, na kisigino juu ya tope ndicho kinachomwangusha. Mwinuko ukizidi, weka viganja magotini utembee. Mabingwa hutembea.

Mabingwa hao wapo, na baadhi yao ni wetu. Lucy Wambui Murigi wa Kenya alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za milimani mwaka 2017, akarudia 2018. Victor Kiplangat wa Uganda alishinda kwa wanaume mwaka 2017. Inaniuma kwamba mashabiki wetu, wanaokutajia washindi wa marathoni kwa mwaka na kwa muda, hawaujui ushindi huu. Waingereza wenyewe humheshimu sana Joss Naylor, mfugaji wa kondoo wa Wasdale katika Lake District, ambaye mwaka 1975 alipita vilele 72 ndani ya saa 24. Miteremko alikofugia ndiyo hiyo alikokimbilia.

Juu, karibu na Back Tor, mwendo unakuwa rahisi kwa sababu mabamba ya mawe yametandikwa kulinda mboji. Hapo unaweza kuinua macho. Sungura wa milimani bado wana manyoya meupe ya majira ya baridi huku theluji imeshaondoka, hivyo unawaona kwa mbali. Katika Uingereza yote, mbali na Scotland na Ireland Kaskazini, hawapatikani ila nyika za eneo hili. Na ndege waitwao sululu wamesharudi nyikani. Jamaa zao huchokoa tope la Mida, karibu na Watamu, pwani ya Kenya, kaskazi inapovuma. Hawa wa Derwent wamekuja kutaga, chini kabisa, katikati ya majani.

Ndiyo maana kuanzia Machi 1 hadi Julai 31 sheria inataka mbwa wafungwe kamba fupi kwenye nyika za wazi. Mkimbiaji hafungwi kamba, lakini ana wajibu wake. Kila anayekwepa tope kwa kupita pembeni hukanyaga mimea, mimea ikafa, tope likapanuka, na atakayefuata akakwepa mbali zaidi. Kijia cha mtu mmoja hugeuka uwanja mweusi, na ndege hupoteza mahali pa kuficha mayai. Basi ukifika Derwent mwezi wa Machi, pita katikati ya tope. Loa hadi magotini, na viatu uvifue nyumbani.