Upana wa Ringi si Upana wa Gurudumu

Katika rasimu ya istilahi za ufundi wa magari inayojadiliwa hivi sasa, kipimo kimoja kimepewa jina "upana wa gurudumu". Jina hili halifai. Gurudumu, kwa fundi na kwa dereva, ni ringi pamoja na tairi lake. Basi msomaji apime kipi?

Chukua Land Cruiser ya kubebea mizigo yenye ringi za upana wa inchi 5.5. Mwenyewe ataka kuifungia matairi makubwa zaidi, 285/75R16, ili ivuke matope. Hiyo 285 ni upana wa tairi kwa milimita, 75 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 16 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Upana wa ringi haukuandikwa. Hutafutwa katika jedwali la watengenezaji, nalo kwa tairi hili hudai inchi 7.5 hadi 9. Lakini kipenyo kikikubali, wengi hudhani kazi imekwisha. Tairi pana likibanwa katika ringi nyembamba hutuna katikati, likapata kipara hapo mapema, na mbavu zake huyumba penye kona.

Yafaa tuseme "upana wa ringi", na fasili ieleze kwamba hupimwa baina ya midomo yake miwili, kwa ndani. Apimaye kwa nje hupata takriban inchi moja ya ziada. "Rimu" tuiachie karatasi. Ringi ndilo neno la gereji, wala sioni sababu ya kulikimbia kwa kuwa limetoka Kiingereza. Tairi nalo lilikuja vivyo hivyo.