Jicho Limevimba, Mkono Unatafuta Tumboni

Mtoto anafikishwa hospitalini Migori akiwa amepakatwa, jicho moja limesukumwa nje hata kope hazifikiani. Benchi zima linamtazama usoni. Afisa wa kliniki aliyeizoea kazi humtazama pia, ila si kwa muda mrefu. Husugua viganja vipate joto, kisha huviweka tumboni.

Hapo ndipo ninapoistahi kazi hii. Limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto iliyozoeleka kuzunguka Ziwa Victoria, hupenda taya na tundu la jicho. Uso ndio unaotisha, lakini uvimbe ulioishia usoni huacha nafasi nzuri kuliko ule uliojificha kwenye figo, ini au ovari. Kwa hiyo viganja vinakwenda polepole, upande mmoja kisha wa pili, vikitafuta kitu kigumu kisicho na haki ya kuwa pale.

Maswali nayo hufuata njia hiyo hiyo. "Mama, jana alitembea mwenyewe?" "Leo amekojoa?" Miguu iliyolegea na mkojo uliogoma huenda ni habari za uti wa mgongo. Kidole chenye glavu hupita ufizini, jino baada ya jino. Magego ya mtoto wa miaka sita yakicheza kama ya mzee, taya limeshaliwa. Mara nyingi mama ameshapita kwa mng'oa meno, na simlaumu hata kidogo, maana ugonjwa wenyewe huanza kwa kujifanya jino bovu.

Hesabu ya kupanga haya yote ilinolewa Kampala. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianza mwaka 1967 kama kituo cha kutibu limfoma, na mwaka 1974 madaktari John Ziegler na Ian Magrath waliandika ngazi zinazotajwa hadi leo. Uvimbe mahali pamoja nje ya tumbo ni A. Zaidi ya mahali pamoja, bado nje ya tumbo, ni B. Ukiwa ndani ya tumbo ni C, na ukiwa tumboni na kwingine pia ni D. Kundi ninalolipenda ni AR. Huyo ni mtoto wa C ambaye mpasuaji ameuondoa uvimbe wake zaidi ya asilimia 90, naye akahesabiwa karibu na wale wenye matumaini makubwa. Herufi chache tu, na mtu mwenye mikono makini anaweza kuanza kuzipanga kabla hajapata mashine yoyote.

Ulaya na Marekani, limfoma za kuzunguka jicho huwapata zaidi wazee. Nyingi hukua taratibu, na ngazi zake maalumu, zilizotolewa mwaka 2009, huuliza kama ugonjwa uko kwenye utando wa jicho, kwenye tundu lake, kwenye kope au umevuka mipaka. Huko maisha hukadiriwa kwa miaka. Kwetu seli huongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto akikwama wiki nzima kwa kukosa nauli ya kupita Rongo, Kisii, Oyugis na Ahero, herufi aliyoandikiwa Migori huenda siyo atakayofika nayo hospitali ya rufaa Kisumu.

Barabara hiyo yenyewe ni somo. Denis Burkitt, mpasuaji wa Kampala ambaye ugonjwa huu una jina lake, na aliyepoteza jicho moja akiwa na miaka 11, alisafiri na wenzake wawili mwaka 1961 kwa gari kuukuu la Ford hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Baba yake, mhandisi huko Fermanagh, aliwavika ndege pete miguuni na kuchora ramani ya mipaka yao. Mwana alichora ya ugonjwa, akaona kwamba karibu na ikweta huadimika juu ya mita 1,500 hivi. Kisii iko juu ya mstari huo. Ukiteremka kuelekea Migori unauvuka, na malaria, inayohusishwa na saratani hii, inakungoja chini. Ng'ambo ya mpaka, Mara Kaskazini nchini Tanzania, watoto waligawiwa klorokwini, dawa ya malaria, kuanzia 1977 hadi 1982 ili ijulikane kama saratani itapungua. Ilipungua, ila ilikuwa imeanza kupungua hata kabla ya dawa, na watafiti waliandika hivyo bila kuficha.

Tukirudi hospitalini, sindano nyembamba huingia kwenye uvimbe, tone hupakwa kwenye kioo, kisha rangi ya Giemsa, ile ile ambayo fundi wa maabara huitumia kusaka malaria kila siku. Chini ya darubini seli hutokea na ukingo wa buluu iliyokolea, wenye vitundu vyeupe kama vya sufuria iliyotoboka. Bado maji ya uti wa mgongo na uboho. Seli zikionekana humo, makadirio hushuka, hata kama tumbo lilikuwa laini.

Kisha dripu, na mkojo unapimwa kwa jagi, kwa sababu uvimbe unaoyeyuka ghafla unaweza kuziba figo. Kisha siklofosfamidi, dawa ya saratani. Kila asubuhi afisa hurudi na utepe, hupima kutoka pua hadi ukingo wa uvimbe na kuandika. Ndani ya siku chache namba zinaanza kupungua. Anasugua viganja tena, anaanza na tumbo, na usiku huo mama anaona kope zimefikiana.