Mwandishi Kijana Ndani ya Riwaya: Kongowea, Amani na Mwanafunzi wa Nchi ya Chai

Katika shule zetu za Kericho na Bomet, kila tunapoanza kufundisha riwaya, hakosekani mwanafunzi wa kuuliza: mtu huwaje mwandishi? Swali hili hujibiwa kwa haraka. Mwanafunzi husomewa wasifu mfupi wa mwandishi ulio nyuma ya jalada, au huambiwa kwamba uandishi ni kipawa. Majibu yote mawili humwacha pale pale alipokuwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu zuri zaidi limo ndani ya riwaya ambazo walimu wengi wa Kenya wamezifundisha, hususan mbili za Ken Walibora: Siku Njema (1996) na Kidagaa Kimemwozea (2012). Mhusika mkuu katika kila mojawapo ni kijana ambaye pia ni mtunzi. Tumelichukulia jambo hili kuwa sifa mojawapo ya mhusika, sifa ya kumpatia mtahiniwa alama moja katika karatasi ya 102/3, kisha tukaliacha. Kwa maoni yetu, ndilo jambo la kuanzia.

Tutazame Siku Njema kwanza. Kongowea Mswahili, msimulizi wa nafsi ya kwanza, ni mwana wa Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu wa Tanga. Hamjui babake, na jamii haimwachi alisahau hilo. Mama anapofariki, kijana anaonja ukatili wa nyumba isiyo yake, na hatimaye anafunga safari ndefu kutoka pwani hadi magharibi mwa Kenya kumtafuta baba. Wahakiki wengi wameiita riwaya ya makuzi, nao hawajakosea. Lakini makuzi ya nini? Kongowea hatajiriki kwa biashara wala hashindi vita. Anachokipata njiani ni uwezo wa kutunga. Jina lake la pili, Msanifu Kombo, lina mvutano ambao mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuuona bila msaada mkubwa. Msanifu ni mwenye ustadi wa kuunda. Kombo ni kisichonyooka. Kijana aliyeitwa mwana haramu anajijenga upya kwa maneno, na riwaya yenyewe, simulizi anayotupa kwa kinywa chake, ndiyo ushahidi kwamba amefaulu. Mwalimu anayefundisha mbinu ya usimulizi wa nafsi ya kwanza bila kusema haya amefundisha jina la mbinu tu.

Hapo ndipo panapotokea suala linalotuhusu sisi wa bara. Walibora hakuwa mtu wa Tanga. Alikuwa mzawa wa Bungoma aliyekulia upande wa Trans Nzoia, katika nchi ya mahindi, na Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Kwa nini basi kijana wake wa kwanza azaliwe Tanga, aitwe Mswahili, na abebe jina la Kongowea ambalo ni jina la kale la Mombasa? Sababu moja ni ya kijazanda: anataka mhusika anayewakilisha lugha yenyewe, isiyo na baba anayekubalika na inayosafiri kutoka pwani kuja bara kudai nasaba yake. Sababu ya pili, ambayo husemwa mara chache, ni ya kiufundi. Mwandishi chipukizi wa bara aliyetaka kuandika Kiswahili chenye misemo mingi, tashbihi na msamiati wa pwani alihitaji msimulizi ambaye hangeulizwa lugha hiyo ameipata wapi. Kongowea alikuwa leseni yake.

Leseni hiyo ilifaa sana, lakini imetuletea matokeo mengine darasani. Kiswahili kilipofanywa somo la lazima na la kutahiniwa chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, vijana wengi wa bara walihitaji kielelezo cha lugha nzuri, na Siku Njema ikawapa. Wengi waliiga pambo wakaacha kilichobeba pambo. Kila msahihishaji wa insha anazijua zile aya za kwanza zilizokaririwa, ambamo jua linachomoza kwa sentensi 5 kabla ya mtu yeyote kufanya lolote. Kongowea hapambi maneno kwa ajili ya alama. Anapamba kwa sababu amenyimwa heshima na lugha ndiyo mali pekee aliyorithi kwa mama aliyekuwa mwimbaji. Ukiondoa aibu hiyo na tamaa hiyo, yanabaki maua ya karatasi.

Inafaa hapa kumlinganisha na Euphrase Kezilahabi, naye si mzawa wa pwani. Alizaliwa mwaka 1944 huko Namagondo, kisiwani Ukerewe, na riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika (1971), inaanzia kijijini hapo hapo Namagondo. Kezilahabi hakuhitaji leseni ya pwani. Aliandika kwa sentensi fupi, karibu kavu, kuhusu msichana wa shule, babake mlevi na mkali, na yale yanayompata msichana huyo akitoka nyumbani bila kuandaliwa. Kitabu kiliwaudhi wengi nchini Tanzania na kwa muda kikazuiwa shuleni. Leo husomwa kama mojawapo ya riwaya zilizofungua mlango wa kuandika juu ya vijana bila kuwafunika. Waandishi hawa wawili, ambao wote walifariki mwaka 2020, wanampa mwanafunzi wa bara njia mbili tofauti za kuanza: kuazima sauti ya mbali na kuijaza uchungu wako, au kubaki nyumbani na kusema kwa uwazi. Binafsi naipendelea ya pili kwa mwanafunzi anayeanza, ingawa naipenda Siku Njema zaidi kama msomaji.

Kidagaa Kimemwozea ilitahiniwa katika KCSE kwa miaka kadhaa kuanzia 2013, na ni riwaya ya mwandishi aliyekwisha kukomaa. Wakati huo Walibora alikuwa amepita mengi: alikuwa amefanya kazi ya afisa wa probesheni, akafundisha, akasoma habari za Kiswahili kwenye televisheni, akasomea shahada za juu katika Chuo Kikuu cha Ohio State na kufundisha chuo kikuu huko Marekani. Safari hii hahitaji tena Tanga. Ameunda nchi ya kubuni, Tomoko, na eneo la Sokomoko linalotawaliwa na Mtemi Nasaba Bora. Amani anafika hapo na kuajiriwa kuchunga ng'ombe wa Mtemi. Kumbe mchungaji huyo ni mwandishi, na mswada wake umechapishwa kwa jina la Mwalimu Majisifu, nduguye Mtemi. Kitabu kilichoibwa kina jina lile lile la riwaya tuliyoishika mikononi.

Miongozo mingi huliweka tukio hili chini ya kichwa cha ufisadi au cha unyakuzi, sambamba na unyakuzi wa mashamba. Uainishaji huo una msingi, kwa sababu Walibora mwenyewe anaziweka dhuluma hizo mbili katika ukoo mmoja: ndugu mmoja ananyakua ardhi, mwingine ananyakua maneno. Lakini mtahiniwa akiishia hapo anapoteza jambo la pekee. Majisifu ana kila kitu ambacho mwanafunzi wetu hudhani kinamfanya mtu kuwa mwandishi: elimu, jina na nafasi katika jamii. Amani hana hata kimoja, ila ana mswada. Aliuandika. Tofauti kati ya mwandishi na mtu anayeitwa mwandishi imewekwa wazi hapo kuliko katika ufafanuzi wowote wa kamusi ya fasihi. Tena tuangalie ukimya wa Amani. Hapigi kelele siku ya kwanza. Anafanya kazi, anatazama, anasubiri. Subira hii hutajwa kama sifa ya kimaadili, lakini pia ni tabia ya kazi ya uandishi, na aliyewahi kungoja jibu la mchapishaji ataielewa.

Hatusemi kwamba Amani ni Walibora. Mtahiniwa aepuke kabisa kosa hilo. Wasifu wa mwandishi si ushahidi wa jambo lolote ndani ya matini. Tunachosema ni kwamba riwaya inaijua vyema biashara ya vitabu, na mwalimu anaweza kuitumia kueleza maisha ya kila siku ya mwandishi, ambayo wanafunzi huyadhania kuwa ya anasa. Mrabaha wa mwandishi wa vitabu vya shule kwa kawaida hukaribia asilimia 10. Tuseme kitabu kinauzwa kwa shilingi 400: fungu la mwandishi ni kama shilingi 40, nayo hukatwa kodi. Darasa la wanafunzi 50 likitumia nakala 10 pamoja na miongozo 40, mwandishi amepata shilingi 400 kwa darasa zima. Nakala zikiwa za wizi, zile zenye kurasa zilizofifia, hapati hata senti. Kwa hiyo wengi huandika alfajiri au usiku na kuamkia kazi nyingine. Walibora hata baada ya umaarufu wa Siku Njema na Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, aliyoitwaa zaidi ya mara moja, aliendelea kufundisha na kuandika magazetini. Alifariki Nairobi mwezi Aprili 2020 kwa ajali ya barabarani, akiwa ameacha makumi ya vitabu, vingi vikiwa vya watoto na vijana. Majisifu anapoiba mswada, basi, anaiba pia alfajiri zote hizo.

Tugeukie sasa mwanafunzi wetu mwenyewe. Wapo walimu wanaoamini kwamba mtoto wa nchi ya chai yuko mbali mno na Kiswahili kuweza kutunga kwacho. Dai hili halisimami. Tangu makampuni yaanze kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920, vijiji vya wafanyakazi vimekusanya watu kutoka Nyanza, Kisii na Magharibi pamoja na wenyeji Wakipsigis. Lugha ya kuagana bombani, ya kubishana juu ya kilo na nyapara, na ya watoto kuchezea mpira wa karatasi ni Kiswahili. Hakifanani na cha Tanga, lakini ni cha kuzaliwa nacho kwa watoto wengi. Kwa mkulima mdogo wa Litein au Bomet mambo ni tofauti kidogo, kwa kuwa nyumbani hutawala Kikipsigis. Hata hivyo kwenye kituo cha kununulia majani Kiswahili hakikosi kazi, na bonasi inapotangazwa kila mtu huizungumzia kwa lugha yoyote aliyo nayo, hasa kama ndiyo karo ya muhula.

Kikwazo kikubwa zaidi kimo katika kalamu yetu nyekundu. Mwanafunzi anayezungumza Kikipsigis huandika "pahati" kwa "bahati" na "kari" kwa "gari", kwa sababu lugha yake ya kwanza haitofautishi maneno kwa sauti hizo. Kosa ni kosa na lisahihishwe. Lakini tukilihesabu kuwa dalili ya kutojua kusimulia tutakuwa tumechanganya hijai na utunzi. Mswada wowote hupitia mikono ya mhariri, wa bingwa na wa chipukizi.

Wala si kweli kwamba huku hakuna la kuandika. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliufukuza ukoo wa Talai kutoka nchi ya Wakipsigis ukapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, watoto kwa wazee. Februari 2023 filamu ya BBC ilianika unyanyasaji wa kingono waliotendewa wanawake katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho. Mwezi Mei mwaka huo huo mashine za kuchuma chai ziliteketezwa kwa moto na watu waliolalamika kwamba zimewanyang'anya kazi. Kijana ambaye mamake alikuwa akichuma majani mawili na chipukizi, na sasa mashine inapita juu ya vichaka vile vile, ana kisa kizito kama cha Kongowea. Walibora mwenyewe alionyesha katika Kufa Kuzikana (2003) jinsi urafiki wa vijana wa makabila mawili unavyoweza kubeba historia ya chuki za kikabila. Wanafunzi wetu wa mpaka wa Sotik na Kisii, ambao wazazi wao wanaikumbuka miaka ya 1992 na 2008, hawahitaji maelezo marefu ili kuielewa riwaya hiyo.

Tahadhari moja: kisa kizito si riwaya. Mwanafunzi akiambiwa aandike juu ya dhuluma mashambani ataleta hotuba. Aanze na mtu mmoja na kitu kimoja anachokitaka, kama Kongowea alivyotaka baba na Amani alivyotaka jina lake. Tuseme msichana wa kidato cha pili anataka koti la mvua la kampuni alilokuwa akivaa mamake, nalo limedaiwa lirudishwe siku mama aliposimamishwa kazi. Dhuluma itaingia yenyewe kupitia koti.

Mwalimu anayetaka kulijaribu hili anaweza kutenga vipindi viwili baada ya kumaliza Siku Njema au riwaya nyingine ya vijana. Katika kipindi cha kwanza darasa litafute kila mahali ambapo msimulizi au mhusika mkuu anasoma, anaandika au anasimulia, na lieleze kitendo hicho kimebadilisha nini katika msuko. Katika kipindi cha pili kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja unaotokea mahali anapopajua kwa miguu yake: kituo cha kununulia majani wakati wa mvua ya mawe, stendi ya Kapkatet, jiko la nyumba ya kampuni. Methali zisizidi moja, na jua lisichomoze kabisa. Mwalimu asisahihishe hijai mara ya kwanza. Asome kwa sauti, kisha aulize darasa kitu kimoja tu: huyu mtu anataka nini?