Vitenzi Vilivyofichwa: Uhakiki wa Mapishi Rahisi ya Magazetini katika Jiko la Kirotshe

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuushughulikia ushairi, riwaya na tamthilia. Ukurasa wa mapishi huachiwa wenye njaa. Hata hivyo ni machache kati ya maandishi ya Kiswahili yanayosomwa kwa makini kama ukurasa huo, neno kwa neno, huku msomaji ameshika mwiko. Taifa Leo la Nairobi huchapa mapishi, na magazeti ya Dar es Salaam hayapungukiwi na kurasa za aina hiyo. Vichwa vyake vinafanana: mapishi rahisi, chakula cha haraka, mlo wa familia. Ahadi hiyo ya urahisi ndiyo inayostahili kuhakikiwa, kwa kuwa shairi baya humchosha msomaji tu, bali pishi lisilotimia huwalaza watoto na njaa.

Mahali pa kuyapima maandishi haya ni jikoni, na jiko linalofaa zaidi ni lile lililo mbali na jiko la mwandishi wake. Kirotshe imo wilayani Masisi, Kivu ya Kaskazini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Iko ukingoni mwa Ziwa Kivu, kando ya barabara itokayo Goma kupitia Sake kuelekea Minova na Bukavu. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa nchini humo, na ndicho kiunganishi cha sokoni katika eneo ambalo majumbani husikika pia Kihunde, Kinyarwanda na Kihavu. Nyakati za amani, eneo hilo halina uhaba wa aina za vyakula. Kuna samaki wa ziwani, maharage, muhogo na ndizi. Milima ya Masisi hutoa viazi, maziwa na jibini. Misitu ya Walikale hutoa mafuta ya mawese. Mpishi wa huko akishindwa na ukurasa wa gazeti, basi sababu isitafutwe kapuni mwake kabla ya kutafutwa katika matini.

Matini ya mapishi ina sehemu mbili, yaani mahitaji na namna ya kutayarisha. Katika sehemu ya pili vitenzi vimo katika hali ya kuamuru: kaanga, koroga, funika, epua. Hapo kazi inaonekana, na msomaji anaweza kuihesabu. Katika sehemu ya kwanza mambo ni tofauti. Humo vitenzi huvaa kirejeshi na kauli ya kutendwa na kugeuka sifa za vitu: maharage yaliyochemshwa, nazi iliyokunwa, kisamvu kilichotwangwa, vitunguu vilivyokatwakatwa. Kisarufi hakuna kosa lolote. Kimaana, lakini, kazi imekwisha kufanywa kabla pishi halijaanza, na mtendaji hatajwi. Je, ni nani aliyechemsha? Ni nani aliyekuna? Mara nyingi jibu ni binti wa nyumbani, mtoto aliyerudi shuleni, au mpishi mwenyewe tangu alfajiri.

Maharage ni mfano ulio wazi. Ukurasa ukidai vikombe 2 vya maharage yaliyochemshwa, kisha ukaandika kwamba pishi lote huchukua dakika 25, hesabu hiyo ni kweli kwa sehemu ya pili peke yake. Maharage makavu huchemka kwa saa mbili au tatu, na yakiwa ya zamani huzidi hapo, isipokuwa yamelowekwa usiku kucha. Saa hizo tatu zimo ndani ya silabi chache za neno moja. Kwa hakika urahisi wa pishi hili haukupatikana jikoni. Ulipatikana katika sarufi, kwa kuhamisha kitenzi kutoka sehemu moja ya ukurasa hadi nyingine.

Neno rahisi lenyewe linamsaidia mwandishi kujificha. Katika Kiswahili neno hilo lina maana ya kisicho kigumu na pia kisicho ghali, na msomaji huzipokea maana zote mbili pamoja. Kirotshe maana hizo zinaweza kutengana. Chungu cha maharage hakimpi mpishi shida yoyote, kwani hukaa motoni chenyewe, lakini hula kuni au makaa kwa saa nyingi. Makaa yanayotumika Goma na kando zake kwa muda mrefu yametoka kwa wingi katika misitu ya Hifadhi ya Virunga. Katika Kiswahili cha Kivu makaa huitwa makala, hivi kwamba ukurasa wa mapishi ni makala kwa maana ya Dar es Salaam na hudai makala kwa maana ya Goma. Ukurasa usiotaja moto utakaotumika haujui bei ya kile unachokiita rahisi.

Liko pia jambo la mwinuko, ambalo halimo kabisa katika fikra za waandishi wa pwani. Uso wa Ziwa Kivu uko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi za Selsiasi badala ya 100, na juu zaidi, katika vilima vya Masisi vinavyopita mita 2,000, huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Maji yanatokota vilevile, povu linaonekana lilelile, lakini joto ni pungufu na kilichomo huchelewa kuiva. Dakika 40 zilizopimwa Tanga au Zanzibar hazitoshi Kirotshe. Mwandishi wa Nairobi amenusurika bila kujua, maana mji wake uko juu kuliko ziwa hilo. Kwa hiyo dakika zilizoandikwa ukurasani, ambazo huonekana kuwa kipimo cha kisayansi kuliko vyote, zimebeba mahali zilipopimiwa bila kupataja.

Kosa la kuficha kitenzi huwa zito zaidi linapohusu majani ya muhogo. Tanzania huita mboga hiyo kisamvu na Kongo ya mashariki huiita sombe. Tofauti ya jina haimzuii msomaji hata dakika moja. Kinachomzuia ni maneno "kilichotwangwa" na "kilichochemshwa". Katika masoko ya Dar es Salaam kisamvu kilichotwangwa hununuliwa tayari, na mwandishi huandika akikitazamia hicho. Kwa mpishi wa Kirotshe mwenye shamba nyuma ya nyumba, pishi huanzia kwenye mti. Kutwanga si madoido. Majani mabichi ya muhogo yana viambata vinavyotoa sumu ya sianidi. Kinu huvunja chembe za jani na kuiachia sumu hiyo, kisha kuchemsha kwa muda mrefu, chungu kikiwa wazi, huipeleka hewani. Anayesoma "pika dakika 15 pamoja na tui la nazi" na kuanza na majani mabichi amepotoshwa katika jambo lisilohusu ladha.

Itasemwa kwamba hakuna mwanamke wa Kivu asiyejua kupika sombe. Ni kweli, na mzoefu hahitaji gazeti. Lakini ukurasa wa mapishi rahisi haumlengi mzoefu. Unamlenga kijana anayejipikia kwa mara ya kwanza, au mtu aliyekulia penye mboga nyingine. Kongo yenyewe inajua gharama ya kufupisha maandalizi ya muhogo. Mwaka 1938 daktari Trolli alieleza maradhi ya konzo, yanayopoozesha miguu ghafla, kule Kwango. Utafiti uliofanywa Bandundu na kuchapishwa mwaka 1992 uliyahusisha maradhi hayo na kupunguzwa kwa muda wa kuloweka mizizi ya muhogo mchungu, pale biashara ya muhogo ilipowaharakisha watu. Huko tatizo lilikuwa mizizi, wala si majani. Hata hivyo namna ya kosa ni ileile: hatua ndefu iliachwa kwa sababu ilionekana inaweza kuachwa.

Tafsiri ya jina kwa jina nayo ina mitego yake. Dagaa wa magazetini ni mkavu, ameanikwa, mara nyingi ana mchanga, na ukurasa huagiza aoshwe kwa maji ya moto mara kadhaa. Mpishi wa Kirotshe ataelewa kwamba dagaa ni sambaza wake, na kinasaba hatakuwa mbali na ukweli. Sambaza aliletwa Ziwa Kivu mwaka 1959 kutoka Ziwa Tanganyika, ambako ni mmoja wa samaki wanaoitwa dagaa. Lakini sambaza huvuliwa usiku kwa taa, kwa mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, na asubuhi huwa sokoni akiwa mbichi. Samaki mbichi mdogo namna hiyo akimwagiwa maji ya moto mara tatu husambaratika. Kamusi ilikuwa sahihi, pishi likaharibika.

Wako wanaolaumu mapishi ya zamani kwa neno "kiasi": chumvi kiasi, maji kiasi, pilipili kiasi. Wanaliona neno la uvivu na kusifu kijiko na kikombe. Lawama hiyo haina uzito kama inavyodhaniwa. Kikombe cha nani? Mapishi yanayosemwa kwa mdomo hayakosi kipimo. Yanapima kwa dalili. Mpaka mafuta yapande juu, mpaka kitunguu kibadilike rangi, mpaka punje ibonyee kati ya vidole viwili. Vishazi hivi vya "mpaka" vinafanya kazi kwenye mita 0 na kwenye mita 2,000, kwa kuni na kwa gesi. Ni kweli havitoshi pale penye sumu, na hapo mwandishi hana budi kutamka hatua zote kwa vitenzi vya kuamuru: twanga, chemsha, acha wazi. Kwingine kote dalili inamshinda kijiko.

Hali kadhalika idadi ya walaji. Karibu kila ukurasa hupikia watu 4, kana kwamba familia ni meza yenye viti vinne. Februari 2024 mapigano ya kuzunguka Sake yalikata barabara kati ya Goma na Minova, na maelfu ya watu wa Masisi walikimbilia kwa jamaa au kambini. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma yenyewe ilitekwa na M23. Katika nyumba iliyopokea wageni, sufuria moja huliwa na watu kumi jioni na kumi na watatu kesho yake. Pishi lililofungwa katika gramu 250 na vikombe viwili na nusu linamlazimisha mama mwenye nyumba kufanya hesabu za mafungu kabla ya kuwasha moto. Pishi linalosema maji yapite maharage kwa kimo cha vidole vinne, na yaongezwe ya moto kila yanapopungua mpaka punje ibonyee, linatumika usiku wote huo wa wageni bila kubadilishwa neno.