Kusimulia na Kueleza

Tuliwapa wanafunzi wetu insha juu ya kazi ya nyumbani. Mmoja aliandika: «Tukaenda shambani, mvua ikatukamata, tukakimbia.» Mwingine: «Muhogo huloweshwa majini siku kadha, huanikwa, hutwangwa.» Wa kwanza alisimulia, wa pili alieleza. Tulimpa wa kwanza alama nyingi, maana alitufurahisha. Je, tulitenda haki? Tupime kwa vitabu viwili.

Maisha ya Hamed bin Muhammed, ndiye Tippu Tip, yalichapishwa Berlin na Heinrich Brode mnamo 1902 na 1903. Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, ni kwa sehemu kubwa kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Cha kwanza chatembea kwa -ka-: akaenda, akapigana, akapata pembe. Cha pili chakaa juu ya hu-: mtoto akizaliwa hufanywa hivi, maiti huzikwa hivi.

Maisha ni matamu, nasi twayasifu. Lakini tuangalie. Tippu Tip asimulia jinsi alivyojidai kuwa ni wa ukoo wa mtawala wa Utetera, akapokelewa, akapewa utawala. Basi hadithi iliyosimuliwa vizuri ilimpatia nchi! Sisi wa Maniema twasoma humo habari za Kasongo na Nyangwe, na mbio za maneno zatuchukua. Waliotekwa wapita kama mizigo, wengi bila majina. Msimulizi hasimami kutueleza mtumwa alikuwa nani, wala aliishije.

Mtoro asimama. Aeleza utumwa wa pwani: kazi ya mtumwa, mavazi yake, heshima aliyodaiwa mbele ya bwana. Lakini naye ana upungufu. Hu- yake yasema habari za watu wote, na mara chache twakutana na mtu mmoja mwenye jina na machozi.

Kwa hiyo walimu wasichague kimoja na kutupa kingine. Mwanafunzi asome ukurasa mmoja wa Maisha, kisha aulize: jambo hili hufanywaje, na nani hulipa? Asome ukurasa wa Desturi, aulize: ni nani lilimpata, siku gani?

Nasi tulirudisha insha zile. Yule wa mvua tulimwomba aeleze shamba hulimwaje. Yule wa muhogo tulimwongezea alama, tukamwambia atusimulie siku mama yake alipomshikisha mchi mara ya kwanza.