Kikombe Kisicho na Mkono

Dundori ni nchi ya chai. Ukiamka kwenye baridi ya zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari huwazi kingine: majani, maziwa na sukari vichemke pamoja, kikombe kijae. Kahawa inalimwa mteremkoni tu, Bahati na Solai, lakini ni zao la kuuza. Mkoloni alimzuia Mwafrika kuipanda mpaka miaka ya 1930, alipoanza kuwaruhusu watu wa Kisii, Embu na Meru. Wengi wetu tulijua kuichuma kabla ya kuionja.

Kwa hiyo namvulia kofia muuza kahawa chungu, fundi ambaye ustadi wake umetupandia kutoka Pwani. Buni huikaanga akiigeuza bila kupumzika, na ikianza kung'aa mafuta huiepua upesi, maana ikikawia kidogo ni makaa. Huitwanga, huichemsha na tangawizi, kisha huiacha itulie. Hapo ndipo wenye haraka hushindwa. Machicha yakishazama, huinua dele na kumimina, tone lisidondoke.

Matabibu wameigombania kahawa muda mrefu. Masufi wa Yemen, karne ya 15, waliinywa wakeshe katika dhikri. Mwaka 1511 afisa wa serikali aitwaye Khair Beg aliipiga marufuku Makka, matabibu wawili wakishuhudia kuwa inadhuru. Sultani wa Cairo akailegeza amri. Mwaka 1991 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliishuku kwa saratani ya kibofu, na mwaka 2016 likaifutia shuku hiyo. Lakini papo hapo likaonya juu ya kinywaji chochote kinachozidi nyuzi 65, kwa hofu ya saratani ya umio. Ugonjwa huo umewatesa sana watu wa Bomet, na chai ya moto ni mojawapo ya vinavyoshukiwa.

Sasa kitazame kikombe cha muuza kahawa: kidogo, hakina mkono. Kahawa ikiwa ya moto mno vidole vinakataa. Unakiweka chini, unapiga soga. Kikombe chetu kina mkono mnene, vidole havina habari, koo ndilo linalopokea kishindo. Maji ya Dundori huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100 kama Mombasa, lakini bado kuna nyuzi 28 za kusubiri. Mwenye dele huzisubiri kwa porojo. Sisi tuna ng'ombe wa kukamua, na lori la viazi linapiga honi.